Tusiposoma virusi vyetu Moshi, vitasomwa Luanda

Februari 2021 tulimzika mjomba wangu kihambani kwake Machame, katikati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Cheti kiliandikwa nimonia. Msibani watu walisema "changamoto ya upumuaji", maneno tuliyoyazoea siku zile tulipotaka kusema jambo bila kulitaja. Wauguzi wa hospitali alikolazwa walimhangaikia kama baba yao, na kwao nina shukrani tu. Ila hakuna aliyempima kujua ni nini hasa kilichombana kifua.

Katikati ya mwezi huohuo, wasafiri watatu waliotoka Tanzania walishuka uwanja wa ndege wa Luanda, Angola. Walipimwa, wakakutwa na corona, sampuli zao zikasomwa jenomu, yaani mfuatano wote wa herufi za kijeni za kirusi. Wanasayansi wakakuta ukoo ambao hawakuwa wameuona mahali pengine, wenye mabadiliko mengi kwenye protini ya mwiba, ile sehemu ambayo kirusi huitumia kushikia seli zetu. Wakauita A.VOI.V2. Sisi wakati huo tulikuwa tumeacha kutoa takwimu tangu mapema Mei 2020, hesabu ikiwa imesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Dunia nzima ikajua habari ya virusi vilivyozunguka kwetu kwa pua za watu watatu, zilizopimwa kwenye pwani ya bahari nyingine kabisa.

Ukoo ule haukuja kuenea kama ilivyohofiwa. Hilo ni jema. Lakini kwangu mwezi ule haugawanyiki: nikikumbuka kaburi la mjomba nakumbuka na Luanda. Swali ambalo sisi wa Kilimanjaro tulikuwa na haki ya kulijibu wenyewe lilijibiwa na wageni, tena kwa bahati tu, kwa sababu watatu wale walikuwa na safari.

Ndiyo maana naandika kuhusu kusoma jenomu za virusi, jambo ambalo wengi wanadhani ni la maprofesa na mashine zao. Nionavyo mimi ni jambo la barabara ya Holili na ya Namanga, la soko la mifugo, la mwongoza watalii wa Arusha anayeogopa msimu kufutwa. Kanda hii ina wataalamu na ina njia ambazo magonjwa hupitia. Kinachopungua ni mazoea ya kusoma mapema na kusema mapema, na makubaliano ya kumlinda anayesema.

Nieleze kwanza kazi yenyewe ilivyo, maana ni rahisi kuliko inavyosikika.

Niliimba kwaya ya usharika kwa miaka mingi, enzi ambazo nota za sol-fa zilinakiliwa kwa mkono kwenye madaftari. Mwaka mmoja mnakili wetu aliandika "m" badala ya "s" kwenye mstari wa besi. Tukauimba wimbo hivyo. Usharika wa jirani wakaja kunakili kwetu, wakaubeba na kosa letu, na wao wakaongeza la kwao kwenye mstari wa sauti ya tena. Siku ya mashindano Moshi mjini, mwalimu mmoja mzee alisikiliza kwaya tatu zikiimba wimbo uleule, kisha akatuambia nani kauchukua kwa nani. Hakuwa amemuuliza mtu. Alisikiliza makosa tu.

Kirusi nacho hujinakili hivyohivyo. Jenomu ya kirusi cha corona ina herufi karibu 30,000, na kinapopita kutoka mtu hadi mtu hukosea wastani wa herufi mbili hivi kwa mwezi. Makosa mengi hayakiongezei ukali wala hayakipunguzii. Yanabaki kama lile kosa la besi: anayelibeba, amelipata kwa mwenye nalo. Ukisoma sampuli za Moshi, za Nairobi na za Kampala ukazilinganisha, unaona ni zipi za ukoo mmoja na zipi zimekutana barabarani tu. Na kwa kuwa makosa huja kwa kasi inayokadirika, unaweza kurudi nyuma na kukadiria koo mbili zilitengana lini. Kwa njia hiyo watafiti waliweza kuonyesha mwaka 2014 kwamba janga la VVU lilianzia kuenea Kinshasa, karibu mwaka 1920, likisafiri kwa reli na mito ya Kongo miongo mingi kabla ya daktari yeyote kuupa ugonjwa jina.

Sasa twende barabarani.

Nilikaa kwa mama ntilie pale Himo njia panda, meza moja na dereva wa lori na utingo wake. Mzee wa makamo, mikono imekomaa kwa usukani, anakula ugali na samaki huku jicho likichungulia gari lake ng'ambo ya barabara. Nilimuuliza 2020 ilikuwaje.

"Mwanangu, nilipimwa pua mara tatu ndani ya wiki mbili. Huku naambiwa ninacho, kule naambiwa sina. Namanga nililala ndani ya kichwa cha gari siku tisa."

"Na kuna mtu aliyewahi kukuambia kilitoka wapi, mzee?"

Akaweka tonge chini. "Waliniambia kimetoka kwangu."

Mei 2020 foleni ya malori Namanga ilikuwa habari ya dunia. Pande mbili zilibishana kuhusu majibu ya vipimo, Kenya ikafunga mpaka isipokuwa kwa mizigo, na madereva wakabaki katikati kama mpira. Ubishi wote ule ulihusu ndiyo au hapana: anacho, hana. Hakuna aliyekuwa na jibu la swali kubwa zaidi. Je, dereva huyu kakitoa Dar, kakipata Nairobi, au kaambukizwa hapahapa kwenye foleni, akishiriki choo na bomba moja la maji na wenzake mia? Majibu hayo matatu yanadai hatua tatu tofauti. La tatu lingetulazimu kukiri kwamba foleni yenyewe ndiyo iliyokuwa ikisambaza ugonjwa.

Uganda waliuliza. Watafiti wa UVRI, taasisi ya Uganda ya utafiti wa virusi iliyoko Entebbe, na washirika wao walichukua sampuli za wasafiri wa ndege na za madereva waliopimwa mipakani, wakazisoma, wakaonyesha kwamba kirusi kiliingia nchini mwao kwa milango hiyo miwili. Hawakuishia hapo. Waliendelea kusoma, na baadaye mwaka huohuo wakauona ukoo wa A.23 kwenye mlipuko wa magerezani kaskazini mwa nchi, wakaufuatilia hadi mtoto wake, A.23.1, alipotawala Kampala na kuonekana nchi nyingi za nje. Habari hiyo waliitoa wao wenyewe, kwa jina lao. Nawaonea wivu, wivu wa maendeleo.

Mfano wa karibu zaidi ni mpox, ugonjwa uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani. Septemba 2023, katika mji wa wachimba dhahabu wa Kamituga, Kivu Kusini, lilianza kuonekana tawi la kirusi ambalo baadaye liliitwa Ib. Jenomu ya mpox ni ndefu, herufi karibu 197,000, na hubadilika polepole. Lakini ina jambo moja la ajabu: ndani ya mwili wa binadamu kuna kimeng'enya kinachoishambulia na kuachia kovu la namna maalumu, herufi fulani zikigeuzwa kuwa fulani. Makovu hayo yakiwa mengi, unajua kirusi hakitoki tena kwa mnyama msituni kila mara, kimeshazoea kupita mtu kwa mtu. Wasomaji wa jenomu waliyaona makovu hayo Kamituga. Ilikuwa ishara ya mapema kwamba kitasafiri.

Kikasafiri kweli. Tarehe 31 Julai 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza. Alikuwa msafiri aliyetoka Uganda kwenda Rwanda akipitia Kenya, na alibainika kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, Taveta. Msomaji wa Moshi anisikilize hapo. Taveta ni soko letu. Akina mama wa Himo huvuka na mabeseni ya ndizi na vitunguu, vijana wa bodaboda huvuka kwa njia za panya, watoto wana shangazi upande wa pili. Na mtu anayekwenda Rwanda kutokea Taveta, barabara yake ni Holili, Himo, Moshi, Arusha, Singida, hadi Rusumo. Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Agosti, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa. Machi 2025 Tanzania nayo ikathibitisha wagonjwa wawili wa kwanza, mmoja wao dereva wa lori la mizigo.

Hapo ndipo watu husema: basi tufungeni mipaka. Hapo pia ndipo jenomu zina neno la kusema, nalo lilisemwa kwa gharama kubwa Afrika Magharibi.

Mlipuko wa Ebola wa 2014 hadi 2016 uliua watu zaidi ya 11,000. Wakati ukiendelea, na baada yake, zilisomwa jenomu 1,610, zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wote waliojulikana. Hakuna mlipuko wa namna ile uliokuwa umewahi kusomwa kwa kina hicho. Zilipowekwa pamoja mwaka 2017, picha ilikuwa hii: kirusi kilisafiri zaidi baina ya maeneo yenye watu wengi yaliyo karibu, na zaidi ndani ya nchi kuliko kuvuka mpaka. Mpaka una uzito wake, hilo lilionekana. Ila kufikia nchi zilipofunga, mbegu zilikuwa zimeshavuka na kuota, na kila upande ulikuwa na moto wake wa kuuzima. Kufuli lilikuja mwizi akiwa sebuleni.

Siwezi kuitaja kazi ile nikapita. Makala ya kwanza kubwa ya jenomu za Ebola kutoka Sierra Leone, ya Agosti 2014, ilisoma virusi vya wagonjwa 78. Watano kati ya walioiandika walikuwa wamekufa kwa Ebola kabla haijachapishwa, akiwamo Dkt. Sheik Humarr Khan wa Kenema. Kila mara mtu akiniambia kuwa data za jenomu ni mali ya kufungia kabatini, nawakumbuka watano wale. Wao walizitoa hadharani wakati watu bado wanaugua.

Mwaka uliofuata, Guinea, kikundi cha watafiti kilibeba maabara nzima ndani ya mabegi ya ndege. Mashine yao, MinION, inaenea kiganjani na inachomekwa kwenye kompyuta ya kawaida. Walisoma sampuli 142, na majibu yaliweza kutoka ndani ya saa 24 tangu sampuli ifike. Kwa hiyo anayesema kazi hii inahitaji jumba la ghorofa na miaka mitano amepitwa na wakati. Inahitaji vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, friji isiyozimika umeme unapokatika, na fundi aliyefundishwa vizuri anayelipwa kwa wakati. Hivi vitatu ndivyo vigumu, na hakuna hata kimoja kinachokuja na mashine ya msaada.

Kwetu kaskazini kuna ugonjwa ambao ungepaswa kutufundisha mapema zaidi. Mwishoni mwa 2006 mvua zilikuwa kubwa kupita kiasi. Homa ya Bonde la Ufa ikalipuka Garissa, Kenya, na mapema 2007 ikawa Ngorongoro, mkoani Arusha. Ng'ombe na mbuzi wakatupa mimba, wafugaji wakatokwa damu, na kabla haijaisha ilikuwa imeshuka hadi Dodoma na Morogoro na kuua watu zaidi ya mia moja nchini. Maelezo ya mitaani yalikuwa mepesi: mifugo ya Kenya imetuletea. Baadaye watafiti waliposoma virusi vya mlipuko ule wakakuta koo kadhaa zikizunguka kwa wakati mmoja, zote za babu mmoja wa karibu, nyingine za Kenya, mmoja ukionekana pande zote mbili, mwingine wa Tanzania. Kama ng'ombe mmoja wa Garissa ndiye aliyeleta yote, tungekuta ukoo mmoja. Kilichokutwa kinaonyesha kirusi kilikuwa kimeshatapakaa kimyakimya katika kanda kwa miaka, kikingoja mvua.

Tafakari tofauti ya hatua. Kwa hadithi ya kwanza unafunga mnada na kumfukuza mfugaji wa Kimaasai mwenye ndugu pande zote za mstari. Kwa hadithi ya pili unafuatilia utabiri wa mvua na kuchanja mifugo kabla mbu hawajaanguliwa. Hatua moja inagombanisha majirani, nyingine inaokoa ndama. Herufi zilezile za kirusi ndizo zinazotuambia tushike ipi.

Ni lazima niseme pia mahali ambapo jenomu hudanganya, maana nimeona watu wakizishika kama msahafu. Jenomu zinaonyesha njia za waliopimwa tu. Ukipima madereva pekee, ramani itaonyesha madereva pekee, nawe utaapa kwamba ugonjwa ni wa madereva, wakati mfanyabiashara aliyeshuka Kilimanjaro kwa ndege hakuguswa pua. Na virusi viwili vikifanana herufi kwa herufi, havithibitishi kwamba Juma kamwambukiza Asha. Huenda Asha kamwambukiza Juma, au wote wamekitoa kwa mtu wa tatu ambaye hayumo kitabuni. Yule mzee wa Himo aliambiwa "kimetoka kwako" na mtu asiyekuwa na herufi hata moja mkononi. Sitaki kesho aambiwe hivyohivyo na mtu mwenye karatasi ya maabara.

Tatizo la sampuli linaanzia chini sana, kwenye zahanati. Kuna utafiti uliofanyika hapahapa Moshi, 2007 na 2008, kwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Asilimia 60.7 waliandikiwa kuwa ni malaria. Walipopimwa kwa makini, malaria ilikuwa chanzo kwa asilimia 1.6. Wengine walikuwa na mambo ambayo hakuna aliyeyafikiria: homa zitokanazo na wanyama, hata chikungunya inayoenezwa na mbu. Miaka imepita na vipimo vya haraka vya malaria vimesaidia, lakini swali la pili, "kama si malaria ni nini?", bado halina bajeti kwenye zahanati nyingi. Mashine ya jenomu haiwezi kusoma sampuli ambayo haikuchukuliwa. Mjomba wangu ni shahidi.

Vya kuanzia tunavyo. KCRI, taasisi ya utafiti iliyo hospitali ya KCMC, Moshi, ina uzoefu wa miaka wa kusoma jenomu za bakteria sugu kwa dawa, na ujuzi huo hauko mbali na wa virusi. Tengeru kuna Chuo cha Nelson Mandela kinachofundisha vijana sayansi kwa ngazi ya juu. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, na ni Jumuiya hiyo iliyosambaza maabara tembezi tisa kwa nchi wanachama mwaka 2020. Mtu akisema kanda hii haina pa kuanzia, hajatembea kilomita themanini za barabara yake.

Tusichonacho ni ulinzi wa anayesema. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waliisoma Omicron, aina mpya ya kirusi cha corona, wakaitangaza ndani ya siku chache. Malipo yao yalikuwa ndege kusitishwa kusini mwa Afrika nzima. Baadaye Uholanzi wakagundua kwamba Omicron ilikuwa tayari kwenye sampuli zao za tarehe 19 mwezi uleule, kabla ya tangazo na kabla ya marufuku. Mtu wa Arusha, ambaye watoto wake wanasoma kwa fedha za wapanda mlima, akitazama hayo anajifunza nini? Anajifunza kwamba kunyamaza kuna faida. Simlaumu. Hofu hiyo ni ya haki, na haiondoki kwa semina.

Itaondoka kwa mkataba. Nchi nane za Jumuiya zina mawaziri wanaokutana Arusha. Wakubaliane kwa maandishi kwamba nchi itakayotoa jenomu zake ndani ya wiki mbili haitafungiwa mpaka na mwenzake kwa sababu ya tangazo hilo. Hatua yoyote dhidi ya abiria au mzigo ije na ushahidi wa nani anaambukizwa wapi, uwekwe mezani usomwe na wataalamu wa pande zote. Sampuli za Holili na Taveta zisomwe pamoja, kwa utaratibu mmoja, zikihusisha madereva na wachuuzi, wa ndege na wa bodaboda. Na aliyechomwa kijiti puani apewe jibu lake, kwa Kiswahili, hata kama ni miezi sita baadaye.

Hilo la mwisho ni la yule mzee. Tulipoagana alikuwa ameshapanda, utingo kaondoa jiwe la tairi, akainama dirishani akaniuliza kama katika hizo kazi zangu za kuandika nitakuja kujua kile chake kilitoka wapi. Nilimwambia sampuli za siku zile sidhani kama zipo. Akanipa namba ya simu hata hivyo, akisema huenda ikatokea.